Kitovu cha Pedali

Ilianza na mlio mmoja, ka,
kila mguu wa kulia ufikapo chini,
pale kwenye mwinuko wa kutokea ferini,
nami nikasema ni kiatu.
Wiki ya pili nikasema ni pedali.
Wiki ya tatu mama wa viazi karai akaniuliza,
"Hiyo baiskeli yako yatafuna nini?"

Waijua Likoni siku za bamvua:
maji hupanda rampu, feri hushusha ulimi ndani ya chumvi,
nasi wenye magurudumu hupita tumekunja suruali
kana kwamba suruali ndiyo ya kuokolewa.
Hakuna akumbukaye ekseli.

Chengo aliipindua juu chini, Mwembe Tayari,
akaishika kranki, akaitikisa
kama atikisaye jino la mtoto.
"Kitovu kimekwisha."
Akafungua kikombe cha kushoto. Cha kulia kina hesi za kinyume:
asiyejua hukikaza akidhani afungua,
na watu wa namna hiyo nimeishi nao.
Gololi zikamwagika kitambaani.
Zilikuwa ishirini na mbili. Zimebaki kumi na tisa,
nyeusi, zimelika ubavu,
na grisi imekuwa rangi ya chai ya maziwa.
"Umeinywa bahari wewe," akaiambia fremu,
si mimi.

Mimi ni karani wa mizani, Shimanzi.
Lori lapanda, naandika; lashuka, naandika.
Nimezoea kitu kuwa na uzito wake, basi.
Lakini juu ya kioo cha kaunta ya Kaizar
vitu vitatu vilikataa kupimika.

Ya kwanza, ya vikombe na gololi, mia tatu na hamsini.
Hulia mapema, ila hufunguka:
mafuta ya taa, grisi mpya kila miezi mitatu,
nayo husahau yaliyopita.

Ya pili mtumba, haina alama hata moja.
"Hii imetoka Japani, baiskeli ya mwanafunzi."
"Nani kakwambia?"
"Kontena."

Ya tatu imefungwa bombani, beringi ndani,
mpira wa kuzuia maji huku na huku.
Elfu moja na mia nane.
Hailishwi, haifunguliwi. Ikifa, imekufa nzima.

"Cha rahisi ghali," akasema Kaizar.
"Na mchagua nazi hupata koroma," nikamjibu.
Akacheka. Bei hakushusha.

Nikajipima mwenyewe, kazi nisiyolipwa.
Grisi ya kila miezi mitatu ni ahadi,
na ahadi zangu Mejumaa anayo hesabu yake:
bawaba ya dirisha, tangi la maji, safari ya Kinango.
Nikasema, nipe iliyofungwa.

"Ngoja." Chengo akaigeuza kwenye mwanga.
"Kikombe hiki cha plastiki. Siku ya kukitoa kitapasuka
na utamlaumu fundi. Leta cha chuma."
Akapima fremu, sitini na nane; akapima ekseli,
maana ikizidi urefu
cheni itatembea kama kaa.
Akatoboa kitundu chini, yaingiayo yapate pa kutokea.
Kisha akapaka hesi grisi nene, nene mno,
hata nikahisi yaniumia mimi mwenye kulipa.
"Hii si ya kuingilia," akasema. "Ni ya kutokea.
Miaka minne ijayo kuna mtu ataishikia spana.
Huenda nisiwe mimi."

Jioni nikavuka. Nikaupanda mwinuko wa ferini
nikiutegea ule mlio, mguu wa kulia, chini,
hamna. Kulia, hamna.
Cheni tu, na pumzi yangu, ambayo sikujua
kuwa ina kelele kiasi hicho.

Mtongwe nikaukuta mlango umekomewa.
Nikabisha mara mbili.
"Nani?" akauliza Mejumaa.
Miaka yote hii alikuwa akiteleka chai
akinisikia toka kona ya msikiti.
"Mimi," nikasema.
"Mbona hukulia?"